Kabla ya kumjibu ndugu: mwongozo wa kutumia akili hisia katika mazungumzo yanayouma

Saa nne usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la familia. Dada yako mkubwa, anayeishi na mama na kumpeleka kliniki ya kisukari kila mwezi, ameandika: "Wengine kazi yao ni kuuliza mama anaendeleaje. Salamu hazinunui dawa." Hakutaja jina. Ila aliyeuliza mchana ule ni wewe, na mchango wako wa mwezi huu bado haujafika. Wadogo zako wameusoma, shemeji ameusoma, mama mdogo ameusoma. Hakuna aliyejibu.

Mkasa huu ni wa kubuni, lakini kila ukoo una wa kwake unaofanana nao. Nimeuchagua kwa sababu akili hisia, yaani uwezo wa kuzitambua hisia na kuzimudu, ikielezwa kwa jumla jumla hubaki maneno ya semina. Mtu huielewa anapoona itamsaidiaje na huyu dada, usiku huu, simu ikiwa mkononi. Basi tutaufuata mwanzo hadi mwisho. Ukipenda, mweke bosi mahali pa dada, au mume, au jirani mliyegombania mpaka. Hatua ni zile zile, kinachobadilika ni adabu ya kumfikia mtu huyo.

Kwanza tuelewane: ni uwezo wa aina gani?

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walichapisha makala iliyoupa uwezo huu jina na maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1997 waliugawa katika sehemu nne: kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, kuzitumia zikusaidie kufikiri, kuelewa zimetoka wapi na zinaelekea wapi, na kuzimudu. Katikati ya miaka hiyo, 1995, mwanasaikolojia na mwandishi Daniel Goleman alitoa kitabu kuhusu akili hisia kilichosomwa dunia nzima, na tangu hapo akili hisia imetangazwa kama siri ya kila mafanikio, kuanzia ndoa hadi cheo kazini. Mayer na Salovey wenyewe walilalamika baadaye kwamba madai mengi ya aina hiyo yamezidi ushahidi uliopo. Nakubaliana nao. Nitakachodai hapa ni kidogo zaidi: mtu anayejua anachokihisi, na anayemuuliza mwenzake anahisi nini badala ya kukisia, ana nafasi kubwa zaidi ya kueleweka.

Kuna dhana moja lazima tuiondoe mapema, maana ndiyo inayoharibu mambo katika nyumba nyingi. Watu wakisikia "kumudu hisia" hudhani ni kumeza. Mtu mzima hasemi, mwanamume halii, mke mwema havimbi. Mwanasaikolojia James Gross na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti wao wa 2003, wanawake waliokuwa hawafahamiani walikaa wawili wawili wakazungumzia filamu ya kuhuzunisha, na baadhi yao wakaagizwa kwa siri wasionyeshe hisia zozote. Mazungumzo yakapooza, ukaribu ukashindikana, na presha ikapanda hata kwa yule mwenzake ambaye hakuagizwa kitu. Ukinyamaza huku unachemka, aliye mbele yako anaupata moto huo hata kama hajui unatoka wapi.

Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kunyamaza. Unakufundisha kulisema jambo likiwa limeiva.

Hatua ya kwanza: weka simu chini, mwili utulie

Hasira huanzia mwilini kabla haijawa na maneno. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, masikio yanapata joto, vidole vimeshaanza kuandika. John Gottman, aliyetumia miongo kadhaa akiwarekodi wanandoa wakigombana huku amewafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, aligundua kwamba mapigo yakipita takribani 100 kwa dakika, mtu hupoteza uwezo wa kusikiliza. Masikio yanasikia sauti, lakini akili inatafuta silaha. Ushauri wake ni kupumzika dakika 20 au zaidi, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kusafisha kemikali za taharuki.

Katika dakika hizo usikae ukiupanga ugomvi kichwani. Mtu anaweza kukaa saa nzima "akitulia" huku anatunga jibu la kumkomoa dada yake, na saa ikiisha ana hasira kuliko alivyoanza. Fanya kitu cha mikono: osha vyombo, pasi nguo ya kesho, tembea hadi kibandani ununue maji. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa mdomo, kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Moyo hupunguza kasi unapotoa pumzi, na hilo liko katika maumbile ya mwili, wala halihitaji mtu awe mcha Mungu au mtulivu wa kuzaliwa.

Jambo moja linasahaulika sana. Kupumzika bila kuaga ni kususa, na kususa kunaumiza pengine kuliko tusi. Gottman anauhesabu ukimya wa namna hiyo miongoni mwa tabia nne zinazoibomoa ndoa, pamoja na kumshambulia mtu badala ya jambo, kujitetea kwa kila kitu, na dharau, ambayo anaiona mbaya kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kuiweka simu chini, mwandikie dada mwenyewe, nje ya kundi: "Dada, nimeuona ujumbe wako. Kesho asubuhi nitakupigia tuongee vizuri." Basi. Usiongeze "ingawa umenikosea". Usiongeze alama tatu za mshangao.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi tunajikwaa kidole gumba, na kilichoandikwa kwenye kundi hupigwa picha na kusambazwa kabla hujakifuta.

Hatua ya pili: ipe hisia jina lake halisi

Mwili ukishatulia, jiulize: nimehisi nini hasa? Jibu la kwanza karibu kila mara litakuwa "hasira". Usilikubali haraka. Hasira ni rahisi kuikiri, hasa kwa wanaume, kwa sababu inampa mtu nguvu. Nyingine zinamvua nguo.

Kiswahili kimetupa utajiri hapa, na inasikitisha kwamba wengi wetu tunaishi kwa maneno matatu: nimekasirika, niko poa, nina stresi. Hamaki ni ile ya ghafla inayopita. Kinyongo ni ile uliyoihifadhi tangu harusi ya mdogo wako. Kuna uchungu wa mtu aliyejitolea asishukuriwe, na kuna unyonge wa mtu asiye na cha kutoa. Haya inakuzuia kutenda, fedheha inakukuta mbele za watu, na kujilaumu hukufuata hata ukiwa peke yako. Wivu ni kuogopa kunyang'anywa ulichonacho, husuda ni kukitamani cha mwenzako kimwondoke. Wasiwasi, woga, kihoro, majonzi: hakuna hata moja linaloweza kukaa mahali pa jingine.

Rudi kwa ujumbe wa dada. Ulipousoma, pengine ulihisi fedheha, kwa kuwa shemeji alikuwa akisoma. Chini yake kulikuwa na kujilaumu, kwa sababu ni kweli hela haijafika. Na chini kabisa, ukithubutu kufika huko, kuna hofu: mama anazeeka na wewe uko mbali. Hizi ni hisia tatu, na kila moja inadai kitu tofauti. Fedheha inataka dada asikuseme hadharani. Kujilaumu kunataka utume hela, au useme ukweli kwa nini huna. Hofu inataka habari za mama, na labda nauli ya kwenda kumwona. Ukiziita zote "hasira", utakachodai ni kimoja tu, dada akuombe radhi, na hata akikuomba, mawili mengine yatabaki yakikukera.

Kutaja kwenyewe kunatuliza. Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu anayetazama picha ya uso wenye hasira au hofu, akichagua neno linaloitaja hisia ile, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika na tahadhari ya hatari, hupunguza shughuli zake. Alipochagua jina la mtu tu, haikupungua vivyo hivyo. Andika neno hilo kwenye karatasi au liseme kwa sauti ukiwa peke yako: "Nimefedheheka. Nina hofu." Inaonekana kitu kidogo mno. Jaribu.

Hatua ya tatu: tenga kilichotokea na ulichokijazia

Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika yale ambayo mtu mwingine yeyote angeyaona akiichukua simu yako: dada ameandika sentensi mbili, saa nne usiku, kwenye kundi, bila jina. Upande wa pili andika yale uliyoyaongeza wewe: amenilenga mimi, ananidharau, amewachochea wadogo, amekuwa hivi tangu baba afariki.

Ya upande wa pili huenda ni kweli. Lakini hujayathibitisha, na maandishi ni mahali pabaya pa kuyathibitishia. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao waliwapa watu kazi ya kuandikiana sentensi kwa barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Waandishi waliamini wataeleweka karibu mara nane katika kumi. Wasomaji walipatia zaidi kidogo tu ya nusu, kama mtu anayerusha shilingi hewani. Sentensi kama hizo zilipotamkwa kwa sauti, walielewa vizuri zaidi. Tena hakuna upande uliojua kwamba umepotea: aliyeandika alijiona ameeleweka, na aliyesoma alijiona ameelewa.

Kwa hiyo ile sauti kali uliyoisikia ulipousoma ujumbe wa dada ilikuwa sauti yako. Yeye labda aliandika akiwa amechoka tu, au akilia.

Hatua ya nne: fikiria upande wake, kisha ukaulize

Vitabu vingi vinakuambia uvae viatu vya mwenzako. Ni mwanzo mzuri, kwa kuwa unakuondoa kwenye kujitetea. Fikiria siku ya dada: kuamka alfajiri kumwandaa mama, foleni ya kliniki, kuambiwa dawa moja haipo akainunue duka la nje, kurudi akute duka lake limefungwa siku nzima, kisha usiku anafungua simu anakuta "mama anaendeleaje?"

Lakini usiishie kwenye fikra. Mwaka 2018 Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walitoa matokeo ya majaribio 25 kuhusu jambo hili. Watu walioambiwa wajiweke mahali pa mwenzao mara nyingine waliongeza imani kwamba wanamwelewa, ila usahihi wao haukupanda. Kilichosaidia ni kumuuliza mhusika. Naona hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika mada hii, na ndilo linalopuuzwa na watu wenye huruma sana, wale wanaosema "namjua dada yangu, hana haja ya kuniambia". Huruma isiyouliza humwandikia mtu hisia ambazo si zake. Picha uliyoijenga ya siku ya dada igeuze iwe maswali mawili ya kwenda nayo: siku hizi kumuuguza mama kunakuchosha wapi zaidi? Na ulipoandika vile jana, kulikuwa kumetokea nini?

Hatua ya tano: chagua njia, saa na mtu

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mbali inapotuacha. Inasema: mwendee mtu moja kwa moja, mtazame machoni, mwambie ulivyojisikia. Kwetu, mdogo anayemtazama mkubwa machoni na kumwambia "umeniumiza" anaweza kuwa ameshafunga mlango kabla ya sentensi ya pili. Hilo halimaanishi kwamba ukubwa unampa mtu haki ya kukuumiza. Linamaanisha kuna milango, na lazima uujue wa nyumba yenu.

Njia ya kwanza ni kuomba nafasi. "Shikamoo dada. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba unitafutie muda unisikilize." Umemheshimu, umemtahadharisha kwamba jambo ni zito, na umemwachia achague saa. Mtu aliyechagua saa mwenyewe huja akiwa tayari.

Njia ya pili ni mtu wa kati. Mjomba, shangazi, mama mdogo, au mzee ambaye ninyi nyote mnamsikia. Wengine wanaiona kama woga. Mimi naiona hekima, ila kwa sharti. Mtu wa kati apewe ujumbe mfupi na wa kweli, naye awe na kifua, asiwe wa kuongeza chumvi. Mwambie unataka nini: "Nisaidie tukae na dada." Ukimpelekea malalamiko marefu, umemfanya hakimu, na kikao kitakuwa kesi.

Njia ya tatu ni mtani. Katika koo nyingi mjukuu anaweza kumtania bibi, na mashemeji wanataniana. Mtani anaweza kusema mbele ya dada yale ambayo wewe ukiyasema ni utovu wa adabu, na kila mtu akacheka na ujumbe ukafika. Wanaojua misiba ya Wazaramo na Wanyamwezi wanajua jinsi watani wanavyoweza kumtoa mfiwa kwenye kihoro kwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwa kuyasema. Ila utani unafaa jambo dogo. Fedha na ugonjwa wa mama ni jambo la kukaa chini.

Kuhusu chombo: onaneni mkiweza, pigianeni simu msipoweza. Rekodi ya sauti ina faida ya kubeba sauti yako, na hasara ya kukuruhusu kuhutubia dakika nne bila kukatizwa. Kama lazima utumie, isizidi dakika moja, na uisikilize kabla ya kutuma. Vijembe kwenye stetasi, nukuu za mafumbo kuhusu ndugu wanafiki, emoji ya kucheka chini ya ujumbe wake: hivyo havimjibu mtu, vinakusanya watazamaji.

Saa nayo ina uzito. Usimpigie akiwa anamhudumia mama, wala usiku akiwa hoi. Wala wewe usipige ukiwa na njaa, umetoka kwenye foleni ya magari.

Hatua ya sita: sentensi tatu za kwanza

Sybil Carrère na Gottman walionyesha mwaka 1999 kwamba dakika tatu za mwanzo za ugomvi wa wanandoa wapya zilitosha kubashiri nani wangekuja kuachana miaka iliyofuata. Mwanzo mkali huzaa mwisho mkali. Hivyo sentensi za kwanza ziandae kabisa, ikibidi ziandike.

Usiziruke salamu. Kumuuliza habari za asubuhi, za mama, za watoto, ni kipimo: jinsi anavyosema "nzuri" itakuambia kama aingie mtu mwingine kwenye mazungumzo au muendelee. Kisha sema kilichotokea, ulichohisi, na kwa nini umepiga, kwa mpangilio huo:

"Dada, jana niliusoma ule ujumbe wa salamu na dawa. Niliona aibu mbele ya wenzangu, na ni kweli mchango wangu umechelewa. Nimepiga kwa sababu sitaki tufike mahali pa kutupiana maneno, na nataka kujua wewe unaendeleaje."

Angalia kilichokosekana. Hakuna "wewe kila siku". Hakuna "umenidhalilisha", kwa sababu hilo linataja nia yake, na nia yake huijui. Na ukweli unaokuhusu, yaani hela imechelewa, umeusema mwenyewe. Ukimwachia yeye auseme, utajitetea, na ukishaanza kujitetea husikii tena.

Hatua ya saba: nyamaza usikie

Sasa dada ataongea, na huenda akaongea mengi. Atarudi hadi mwaka ambao baba alilazwa. Usimkatize kusahihisha tarehe.

Kukatiza ni tabia iliyotuingia wote, hata wataalamu. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walisikiliza rekodi za madaktari wa Marekani na wagonjwa wao. Kwa wastani daktari aliingilia maelezo ya mgonjwa baada ya sekunde 18. Wengi wa wagonjwa hao hawakupata tena nafasi ya kuyamaliza maelezo yao. Kwa ndugu ni vivyo hivyo. Jambo linalomuuma mara nyingi huja la mwisho, baada ya lile la hela.

Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako alichosema kisha umuulize kama umepatia: "Kwa hiyo kilichokuuma ni kwamba tunauliza hali ya mama kama wageni, na wewe ndiye unabaki naye usiku. Ndivyo?" Akisema "ndivyo", utasikia pumzi ikishuka. Akisema "hapana, siyo hivyo", usikate tamaa, ameanza kukuonyesha penyewe. Uliza tena.

Neno "pole" lina kazi kubwa hapa likiachwa peke yake. "Pole sana, dada." Kisha kimya. Linaharibika linapofuatwa na "lakini": pole lakini na mimi huku mjini maisha ni magumu. Maisha yako ni magumu kweli, na zamu yako itafika. Mpe kwanza pole iliyo kamili. Pia usikimbilie kutatua. Mtu aliyekuambia amechoka akajibiwa "basi tutafute msichana wa kazi" anaweza kusikia kwamba unataka anyamaze.

Na ikiwa atasema neno la kukuchoma katikati, rudi hatua ya kwanza ukiwa pale pale. Shusha pumzi, taja hisia kimya kimya. Una haki ya kusema, "Hilo limeniuma dada, nipe dakika." Hiyo ni sentensi ya mtu mzima na haivunji heshima ya mtu.

Hatua ya nane: omba au ahidi kitu kinachoshikika

Mazungumzo mengi mazuri huishia "basi tusaidiane, sisi ni ndugu", na mwezi unaofuata ugomvi unarudi ulivyokuwa. Kinachokosekana ni kiasi, tarehe na jina. Sema unachoweza: "Elfu hamsini kila mwezi siiwezi, nimekuwa nikiahidi kwa aibu. Elfu thelathini naiweza, nitatuma kila tarehe tano." Ukweli mdogo humpa dada kitu cha kupangia bajeti, ahadi kubwa isiyotimia inamfanya akuseme kwenye kundi.

Nawe omba chako, kimoja tu: "Nikichelewa, naomba unipigie mimi kwanza." Ombi zuri ni lile ambalo mwezi ujao mtajua kama limetimizwa. "Uniheshimu" halipimiki. "Unipigie mimi kwanza" linapimika.

Kwa kuwa jambo lilianzia hadharani, limalizieni hadharani, kwa ufupi. Mmoja wenu aandike kwenye kundi kwamba mmeongea na mmekubaliana utaratibu wa dawa za mama. Wadogo waliokuwa kimya tangu jana watapumua, na pengine watatuma zao.

Mahali ambapo hatua hizi hazifai

Pakiwa na kipigo, vitisho, au mtu anayekuzuia kutoka na kufanya kazi, usitafute maneno laini ya kumwelewa. Jiokoe kwanza. Nchini Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na Kenya namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Kwa watoto, namba 116 inafanya kazi katika nchi zote mbili. Uvumilivu ambao mwathirika huhubiriwa na ukoo katika hali hizo usiitwe akili hisia.

Ujue pia kwamba uwezo wa kusoma hisia unaweza kutumiwa na mtu mbaya. Tapeli anayekupigia kwamba mwanao amepata ajali na daktari anataka hela sasa hivi anaijua hofu yako vizuri, tena anakunyima muda kwa makusudi. Dawa yake ni hatua ya kwanza na ya tatu: kata simu, tulia, tenga unachokijua na ulichoambiwa, kisha mpigie mtoto au shule yake.

Na kama dada hataki kuongea

Hilo linawezekana. Utapiga simu, atapokea, atajibu kwa neno moja moja na kukata. Usilipize kwa kuondoka kwenye kundi. Mwandikie mara moja: "Dada, niko tayari kusikiliza. Ukiwa tayari kuongea, nipo." Mpe wiki. Kisha mwendee mama mdogo au mjomba kwa ule ujumbe mfupi tuliousema, ukae usubiri. Kinyongo cha miaka hakiyeyuki kwa simu moja, na huenda cha kwake kinahusu mambo ambayo wewe hukuwepo yalipotokea.

Katika kusubiri huko, mchango usiufanye kuwa sehemu ya ugomvi. Tarehe tano ikifika, tuma elfu thelathini ya dawa, uandike tu kwamba ni ya mama, na umpigie mama mwenyewe umuulize amelalaje.